Mtu Baki

Wasichana wa shule ndio waliowapa majina. Mwalimu wa ushoni walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba, amenyooka wima, na ukizembea kidogo tu anakuchoma. Mwalimu wa fasihi walimwita Uzi, kwa kuwa akishaanza kusimulia jambo huuoni mwisho wake: kengele inalia, mwalimu wa hesabu anasimama mlangoni na chaki zake akikohoa, na yeye bado anavuta tu. Wawili hao walikaa nyumba moja, pale nyuma ya bweni, wakienda sokoni pamoja na kurudi pamoja, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa kikapu. Majina yakanata. Hata mwalimu mkuu siku moja kikaoni aliteleza ulimi akasema, "Mwalimu Uzi atatusomea kumbukumbu," na aliyecheka kwa sauti alikuwa Uzi mwenyewe.

Hapa tunamzungumzia Sindano. Uzi angejieleza mwenyewe, tena angetuchosha. Sindano hakuwa mtu wa maneno, na yaliyompata hakuna aliyeyasema kwa niaba yake.

Alifika shuleni hapo akiwa na cherehani ya mkono, godoro na talaka. Mume alimvumilia miaka kadhaa bila mtoto, kisha mama mkwe akachoka kuvumilia. Uzi yeye hakuwahi kuolewa. Akiulizwa, alisema bado hajamaliza kusahihisha madaftari. Nyumba za walimu zilikuwa pungufu, mwalimu mkuu akawaomba wakae pamoja kwa muhula mmoja tu, mpaka nyumba nyingine ipakwe rangi. Ile nyumba ilipakwa rangi, akapewa mwalimu wa michezo, na kati ya hao wawili hakuna aliyeuliza kitu.

Kila mwaka, wasichana wapya walipozoea, Uzi alikuwa na mchezo wake. Aliwatoa darasani akawaleta kwenye chumba cha ushoni, akampa kila mmoja sindano na kipande cha uzi.

"Haya. Tungeni."

Wasichana wakalamba ncha za nyuzi, wakafumba jicho moja, wakahangaika mpaka nyuzi zikapita.

"Mmefanya nini?"

"Tumetunga uzi, mwalimu."

"Na shanga?"

"Zinatungwa."

"Na shairi?"

"Linatungwa."

"Mnaona sasa," Uzi alisema, akizunguka kati ya meza mikono ikiwa nyuma. "Mshona nguo, muuza shanga na malenga wamegawana neno moja. Wote watatu wanapitisha kitu chembamba kwenye tundu dogo na kuomba kisikatike."

"Na mimba, mwalimu!" ilisikika sauti ya mtundu wa mwaka ule kutoka nyuma. "Mimba nayo inatungwa!"

Chumba kikavunjika mbavu. Uzi alisubiri wanyamaze, akijifuta machozi ya kicheko. "Na usaha kwenye jipu pia hutunga, bibie. Kwa hiyo kabla hujatunga, angalia unatunga nini."

Kutoka hapo hakuzuilika. Kisa nacho, alisema, husukwa kama nywele, ndiyo maana twasema msuko wa hadithi. Na ukiwa mlegevu, msomaji akivuta mahali pamoja tu kote kunafumuka. Sindano alisimama kando na futi lake shingoni, mikono amekunja.

"Waambie na pindo," alisema. "Wamejaa msuko, pindo hakuna anayeweza. Tazama hilo. Litafumuka kabla ya hadithi yako."

"Hadithi yangu haina pindo, mwalimu mwenzangu. Inaburuzika mpaka chini."

"Ndiyo maana imechafuka."

Wasichana walikuwa wakizisubiri siku hizo kuliko likizo. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba nyuzi ni zake, nyuzi tisini za pembe mraba, na muuguzi wa shule akadai kwamba hata homa hupimwa kwa nyuzi, na ugomvi huo wa utani ukaendelea chumba cha walimu mpaka chai ikapoa.

Walistaafu wakiwa wamepishana muhula mmoja. Wakapanga vyumba viwili vinavyotazama barabara, kwenye mtaa wa maduka madogo, kati ya muuza mkaa na fundi redio. Chumba cha mbele kikawa cha kazi: cherehani dirishani, meza ya kukatia, benchi la wateja, na sare za shule zikining'inia kwenye waya toka ukuta hadi ukuta. Cha nyuma kilikuwa cha kulala, vitanda viwili na kabati la vitabu vya Uzi lililokula nafasi yote iliyobaki. Walijuana kwa miaka mingi sasa, lakini bado waliitana mwalimu. "Mwalimu, chai imeiva." "Mwalimu, umeweka wapi miwani yangu?"

Uzi hakujua kushona. Vifungo alivyovishikiza yeye vilidondoka kama meno ya mtoto. Akapewa kazi ya kufumua mishono mibaya, na hiyo aliifanya kwa raha. Na kazi nyingine moja: macho ya Sindano yalikuwa yameanza kumtupa mkono, hasa kwa vitu vya karibu, kwa hiyo kila uzi ulipokwisha alinyoosha sindano bila kugeuka na kusema, "Mwalimu, nitungie."

Uzi alimtungia. Na kwa kuwa mdomo haukuwa na kazi wakati vidole vinafanya, akaanza kumtungia na hadithi.

Kulikuwa na fundi, alisimulia, aliyeletewa kitambaa ashone gauni la mtu asiyemjua. Mwenye gauni haji. Kila siku huja mjumbe tofauti na kipimo kimoja tu. Leo bega. Kesho kiwiko hadi kifundo cha mkono. Mjumbe mmoja kikongwe, mwingine mlevi aliyekisahau kipimo njiani akaamua kukisia, mwingine mama mwenye mtoto mgongoni anayeona haya kuutaja mzunguko wa kifua.

"Urefu je?" Sindano aliuliza, mkono ukiwa kwenye mpini wa cherehani.

"Urefu haujaletwa."

"Huwezi kukata kitambaa bila urefu."

"Ndiyo maana hajakata."

"Na huyo mwenye gauni ni nani hasa?"

"Mwalimu, una haraka ya wapi? Leta sindano."

Hadithi ile ilikwenda miezi na miezi, kila alasiri kipande, na wateja waliokuja kupima sare wakaketi benchini zaidi ya walivyokusudia. Sindano hakuwahi kumwambia mwenzake kwamba wakati mwingine aliukata uzi mapema makusudi, ili upate kutungwa tena.

Siku jambo lilipotokea, ilikuwa asubuhi ya kawaida. Uzi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anafumua mkono wa shati. Sindano alisikia mkasi ukianguka. Alipogeuka, alimwona mwenzake ameinama upande, paji la uso limegonga ukingo wa meza, na nusu ya uso imeteremka kama nguo iliyolegea begani. Alipiga yowe moja tu. Fundi redio na muuza mkaa ndio waliombeba hadi kwenye gari.

Hospitalini wakasema kiharusi. Upande wa kulia umepooza, na maneno pia yamekwenda. Jeraha la paji la uso lilishonwa nyuzi nyeusi, kubwa kubwa, na Sindano alipoziona wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba hatua za mshono zimeachana mno. Akaona aibu kwa kuwaza hivyo.

"Wewe ni nani yake?" muuguzi aliuliza.

"Naishi naye."

"Ni ndugu?"

"Hapana. Tumefundisha wote. Tunaishi wote."

"Sasa mama, daktari anataka kuzungumza na ndugu. Hana mume, watoto?"

"Ana kaka."

"Basi mpigie huyo kaka. Wewe subiri pale kwenye benchi."

Akampigia. Kaka mtu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine, safari ya nusu siku. Alikuja kesho yake, akaongea na daktari, akalipa alichotakiwa kulipa, akamshika Sindano mikono yote miwili na kumshukuru kwa machozi. Hakuwa mtu mbaya. Hilo Sindano alilisema kila mara baadaye, hata pale ambapo angepata nafuu kama angeweza kusema vingine. Kaka mtu alimwacha mgonjwa arudi nyumbani kwake, yaani kwenye vile vyumba viwili, mpaka apate nguvu.

Neno moja tu ndilo lililorudi. Basi.

Aliyekuwa na maneno ya kugawa mtaa mzima akabaki na hilo tu. Akitaka maji, basi. Akiumwa mgongo, basi. Akimwona muuza mkaa akipita na kumpungia mkono, basi, basi! Sindano alijifunza kusikiliza kama vile alivyowahi kujifunza cherehani kwa mlio wake. Kulikuwa na basi ya kupanda mwishoni, iliyouliza. Kulikuwa na ile fupi, iliyokata: sitaki, tosha. Na kulikuwa na ile ndefu, laini, ambayo msimulizi huanza nayo pale hadithi inapogeuka kona, basi ikawa, basi akaondoka. Na hiyo ndiyo iliyomuua moyo, kwa sababu Uzi aliitoa, akafungua mdomo ili kuendelea, na hakuna kilichofuata.

Sindano alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Alipoona jinsi vifungo vinavyomtesa mwenzake mwenye mkono mmoja mzima, aliketi akamshonea magauni upya, matatu, yenye kufungwa ubavuni kwa kamba pana upande wa kushoto. La bluu ndilo lilikuwa zuri zaidi. Kamba zilikuwa za kitambaa laini, fundo ukilivuta kwa mkono mmoja linafunguka. Siku Uzi alipolifunga mwenyewe bila kusaidiwa alikaa kitandani akilitazama lile fundo, kisha akamtazama Sindano, na uso wake mbovu ukajitahidi mpaka ukacheka.

Sasa ilibidi Sindano ajitungie uzi mwenyewe. Alinunua miwani ya pili akaivaa juu ya ile ya kwanza. Alasiri moja, akiona kimya kimezidi chumbani, akajikaza kusimulia.

"Siku ile," alianza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "alikuja mjumbe. Amebeba kipimo. Kipimo cha mgongo." Akanyoosha mshono. "Mjumbe huyo alikuwa... alikuwa amevaa koti."

"Basi?" Uzi alisema, macho yamechangamka.

"Akakitoa kipimo. Akampa fundi."

"Basi?"

"Sijui, mwalimu. Mimi sijui kinachofuata. Wewe ndiye unayejua."

Uzi alifungua mdomo. Shingo ikasimama mishipa, mkono wake mzima ukapapasa hewani kama anayetafuta swichi gizani. "Basi," alisema. "Basi. Basi. Basi." Kisha akalia, na Sindano akaacha kazi akaenda kumshika, na tangu siku ile hakujaribu tena kusimulia.

Mvua zilipoisha kaka mtu alirudi, mara hii na mkewe, na gari lenye kiti cha nyuma kilicholazwa. Waliketi kwenye benchi la wateja.

"Mwalimu," kaka mtu alisema, "kazi uliyoifanya hapa ni kubwa. Sisi kama familia hatujui tukupe nini."

"Haikuwa kazi," Sindano alisema.

"Najua. Najua, dada yangu. Lakini watu wana macho na midomo. Sisi ndugu tupo, wazima, na mgonjwa wetu anauguzwa na mtu baki. Marehemu mama angekuwepo asingenielewa."

Mtu baki. Sindano alikuwa amelitumia neno hilo mwenyewe mara nyingi, kwa wapita njia, kwa watu wanaochungulia msiba usiowahusu. Hakuwahi kufikiri lina vipimo vyake mwenyewe.

"Tumwulize mwenyewe," alisema.

Wote wakageuka. Uzi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, amevaa lile la bluu.

"Dada," kaka mtu aliinama mbele yake, akamshika goti. "Unaonaje, twende nyumbani? Tukakutunze sisi?"

Uzi alimtazama kaka yake. Akamtazama Sindano. "Basi," alisema.

"Unaona?" kaka mtu aliinuka, macho yamejaa machozi. "Amekubali. Basi, twende."

Sindano alikuwa ameisikia. Ilikuwa ile fupi, ile inayokata. Angeapa kwa chochote. Lakini amwambie nani? Kwamba ndugu wa damu amemsikia vibaya dada yake, na aliyesikia vizuri ni mshona sare? Alifungua mdomo, naye akagundua kwamba hana neno. Wifi mtu alikuwa ameshaanza kukunja shuka.

Akawasaidia kufungasha. Hilo ndilo alilolijutia baadaye, kwamba mikono yake ilifanya kazi vizuri hivyo, ikapanga magauni, dawa, kitana, bila kutetemeka. Walipomwingiza garini, Uzi alimshika Sindano kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, na hakuachia. Kaka mtu alimbandua vidole kimoja kimoja, polepole, kwa upendo, akisema, "Atakuja kukuona, dada, atakuja."

Alikwenda kweli. Kila alipomaliza fungu la kazi alifunga chumba, akapanda basi la asubuhi, akafika alasiri. Nyumba ya kaka mtu ilikuwa kubwa na safi. Wifi mtu alimpokea vizuri, akamkalisha sebuleni, akamletea chai kwenye vikombe vya wageni, vile vyenye maua vinavyokaa kabatini. Uzi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, kama anayeletwa kuonyeshwa. Aliyekuwa akimwogesha mgongo sasa aliketi mbali naye, kikombe na kisahani mapajani, akiulizwa habari za safari.

Mara ya kwanza tu aliona vifungo. Uzi alivalishwa gauni la dukani, vifungo mbele kuanzia shingoni hadi chini, vidogo kama mbegu.

"Yale ya kamba hayamtoshi?" aliuliza.

"Aa, yale tumeyaweka," wifi mtu alisema. "Mazuri mno kushinda nayo nyumbani. Tunamvalisha tukiwa na wageni wa maana."

Alisema kwa nia njema. Sindano akanywa chai.

Uzi siku hizo alifurahi mpaka akatisha. Alimvuta Sindano, akampapasa uso, akasema lile neno lake kwa namna zote, na Sindano akamjibu kila moja, hapana sijamaliza sare, ndiyo fundi redio ameoa, hapana simwelewi mwanamke aliyemkubali. Watu wa nyumba ile waliwatazama wakashangaa, maana wao walikuwa hawaelewi kitu. Binti wa kaka mtu, msichana aliyekuwa akisomea uhasibu, ndiye pekee aliyeuliza. "Mwalimu, unajuaje shangazi anasema nini?" Sindano alitaka kumfundisha, lakini basi la jioni lilikuwa linaondoka.

Safari ya tatu au ya nne, kaka mtu alimsindikiza hadi kituoni. Alitembea mikono mifukoni.

"Mwalimu, nina neno, sijui niliseme vipi."

"Sema tu."

"Ukija anafurahi sana. Mimi mwenyewe naona. Lakini ukiondoka, nyumba haikaliki. Anasukuma sahani. Siku mbili, tatu, hali kitu. Anapiga kelele usiku, watoto hawalali. Daktari amesema presha ikipanda tena hatutakuwa naye." Alisimama. "Sikufukuzi. Mungu shahidi. Nakuomba tu, kwa ajili yake. Mpe muda atulie. Akishatulia nitakuita mimi mwenyewe."

Sindano alitazama lile basi likipakiwa mizigo juu. Aliwaza sahani iliyosukumwa. Aliwaza kwamba angekuwa mama wa mgonjwa, au dada, asingeombwa hivyo. Kisha akawaza pia kwamba labda ni kweli, labda yeye ndiye anayemwumiza.

"Sawa," alisema. "Kama ni kwa ajili yake."

Hakuitwa. Mwanzoni alipiga simu, binti akaweka simu sikioni mwa shangazi yake, na Sindano akasikia pumzi na lile neno, mbali, mara moja, kisha kilio, na sauti ya wifi mtu ikisema, "Mnyang'anye simu, ataumwa." Akaacha kupiga. Alijiambia anamsaidia kutulia. Kila mwezi ulipoisha alijiambia mwezi ujao ataitwa. Sare zikaja, sare zikaenda. Wateja waliouliza habari za yule mwalimu wa hadithi aliwajibu, "Yuko kwao, anaendelea vizuri," na alisema hivyo mpaka nusu yake ikaamini.

Binti ndiye aliyempigia. Ilikuwa mchana, Sindano ana pini mdomoni, anapima mtoto suruali.

"Mwalimu," binti alisema, akashindwa kuendelea, na Sindano akazitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wa pini, kwa sababu alijua.

Alifika msibani kesho yake. Watu walikuwa wengi. Kaka mtu alikuwa na jina mjini. Ndugu walikuwa ndani, majirani na wengine uani kwenye viti vya kukodi. Alimwona wifi mtu kwa mbali amezungukwa na wanawake wanaomlilia begani. Watu walipita wakipeana pole, na kwake walipita tu, kama unavyompita mtu asiye na kidonda. Mwanamke aliyekuwa akigawa chai akamuuliza, "Mama, wewe ni wa upande gani?"

Angeweza kusema lolote. Alisikia sauti yake ikijibu, "Nilifundisha naye tu."

Wakamzika alasiri. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri alisoma maisha ya marehemu: alikozaliwa, alikosoma, shule aliyofundisha, hakuolewa, hakujaliwa mtoto, ameacha kaka, wifi, na watoto wa kaka. Miaka yote ile ya vyumba viwili ilipitwa katika pumzi moja, "baada ya kustaafu aliishi kwa muda mjini." Sindano alisimama safu ya nyuma kabisa, nyuma ya wafanyakazi wa duka.

Watu walipoanza kutawanyika, binti alimtafuta akampata ukutani, nje ya geti. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Tulimvika gauni lako," alisema. "Lile la bluu. Baba ndiye aliyesema."

"Kamba mlifunga upande gani?"

"Sijui, mwalimu. Sikuangalia."

"Zinafungwa kushoto," Sindano alisema. "Kushoto ndiko mkono wake mzima."

Binti akamtazama. "Mwalimu, kuna kitu sikukwambia kwenye simu. Baba alisema shangazi ametulia. Hakutulia. Alinyamaza tu. Kila asubuhi alitaka kiti chake kigeuzwe kielekee mlangoni. Tukikigeuza upande mwingine aone runinga, anapiga mkono wa kiti mpaka tukirudishe. Mpaka jioni. Tulidhani anapenda upepo."

Sindano alishika ukuta. Binti alimshika bega, akasema, "Nisamehe," na Sindano akatikisa kichwa, maana si yeye wa kusamehewa. Ni yeye, Sindano, aliyesema sawa pale kituoni. Mtu mwenye haki ya kukataa angekataa. Na yeye, katika maisha yao yote pamoja, alikuwa amesubiri mtu ampe haki hiyo, na mtu pekee ambaye angempa alikuwa hana maneno.

Hakungoja chakula. Alirudi kwa basi la jioni, akalala na viatu, na asubuhi akafungua mlango wa mbele kama kawaida. Muuza mkaa alikuwa akipanga makopo yake.

"Jana ulitufungia, mwalimu. Ulikuwa wapi?"

"Msibani."

"Pole! Msiba wa nani?"

"Wangu," Sindano alisema.

Muuza mkaa akaacha alichokuwa anafanya. Alimtazama usoni, akatazama kiti kilichokuwa karibu na mlango, akaelewa. Hakuuliza zaidi. Alinawa mikono yake myeusi kwenye ndoo, akaifuta kwa kitambaa, akaingia, akaketi kwenye benchi la wateja, na ndipo Sindano alipolia. Si kilio cha adabu cha msibani, kilio cha kufungua mdomo. Fundi redio alizima redio zake zote. Wake zao na watoto wao wakaja mmoja mmoja, wakakaa benchini, chini, kizingitini, mpaka chumba kikajaa, na kila aliyeingia alimshika mkono akasema, "Pole, mwalimu. Pole sana." Walikaa hivyo siku nzima. Mtu akaleta uji, mwingine akawarudisha wateja majumbani.

Kaka mtu alipiga simu wiki moja baadaye kuuliza kama vitabu vya dada yake bado vipo, kwa kuwa angependa kuviweka dukani kwenye ofisi yake, kama kumbukumbu. Sindano alimwambia vipo, na kwamba hatavitoa. Alisema hivyo bila kupaza sauti. Kaka mtu akasema, "Haya, mwalimu," na simu ikakatika.

Vitabu vyenyewe vilimpa tabu. Alikuwa msomaji wa polepole tangu zamani, na sasa macho hayakuwa na msaada. Lakini jioni jioni, kazi ikipungua, alichukua kimoja, akakisogeza karibu na dirisha, akafuatisha mistari kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti, peke yake. Kuna maneno aliyokwama nayo, akayaruka. Shule zilipokaribia kufunguliwa akina mama walikuja kwa makundi na watoto wao, akawapima mabega, viuno na urefu, na kazi zilikuwa nyingi kuliko mwaka uliotangulia.